Mlango Usio na Chaki

Hapo zamani, na msiniulize mwaka, ilikuwa zamani ile ndoo za plastiki zilipommalizia kazi mfua bati na simu zikammalizia kazi fundi redio, palikuwa na bwawa lililoitwa Mhenje. Kando ya bwawa palikuwa na karakana, na ndani ya karakana watu watatu. Kaeni vizuri. Wewe uliyeegemea nguzo, ingia ndani au toka nje. Hadithi hii haina jini wala sungura. Ina boti ndogo yenye urefu wa mkono wa mtu mzima, na ina watu watatu walioogopa. Mwisho wake nitawaachia ninyi, maana mimi umenishinda.

Wa kwanza alikuwa mzee Madeje, mfua bati. Alikuwa amefua makarai na mabirika ya nusu ya wilaya, mpaka watu wakaacha kuja. Wa pili alikuwa Ndahani, fundi redio, aliyepangishwa pembe moja ya karakana. Alikuwa na mke, alikuwa na mapacha, na mezani pake palikuwa na redio kumi na moja ambazo wenyewe hawakuzirudia. Wa tatu alikuwa Sechelela, mtoto wa dada yake Madeje. Wenzake walipokwenda kusoma, yeye alibaki kumuuguza mama yake miaka saba. Mama akafariki, wenzake wakarudi na vyeti, na Sechelela akabaki na vidole vilivyozoea kumgeuza mgonjwa bila kumuumiza. Vidole hivyo ndivyo vilivyoshika rimoti.

Madeje alifua, Ndahani aliunganisha, Sechelela aliendesha. Lishikeni hilo.

Pale Mhenje, kila mwaka mvua zikiisha na malango ya bwawa yakafungwa, watu walishindanisha boti za rimoti. Mnacheka? Nimewaona wanaume wazima wakinuniana mwezi mzima kwa ajili ya boti hizo. Zilizunguka madumu matatu ya njano mara tano, na kila kona ilikatwa kuelekea kulia. Dumu la tatu ndilo lililokuwa baya, kwa sababu lilikaa karibu na ukuta wa mawe wa bwawa, na kona yake ilikuwa finyu.

Sasa nisikilizeni, maana nisingependa mtu aniulize baadaye. Boti ina usukani nyuma, ubapa mdogo unaoigeuza. Ubavuni kulia, chini, ina pezi, kipande cha bati kinachoyashika maji wakati wa kona. Pezi likishika kidogo, boti huteleza ikapinduka. Likishika mno, boti hujivuta kulia hata kama hujaiambia. Usukani ukikata mno, boti hulala ubavu. Ukikata kidogo, boti huipita kona. Hayo tu. Ni mambo ya unene wa kucha, na usingizi wa watu hupotelea humo.

Boti ya karakana ile iliitwa Shemeji, kwa sababu kila mtu nyumbani alikuwa na neno juu yake. Na mzee Madeje alikuwa na sheria moja. Ukimgusa Shemeji, hata kwa bisibisi moja, unachukua chaki iliyokaa juu ya fremu ya mlango, unachora alama yako mlangoni na kuandika ulichofanya. Madeje alichora nyundo, Ndahani alichora duara, Sechelela alichora nukta. Anayekuja nyuma husoma mlango kwanza, ndipo aguse. Wageni waliudhani mlango mchafu. Wenyewe waliusoma kila asubuhi.

Wiki moja kabla ya mashindano alikuja mhandisi wa maji, mwanamke aitwaye Nyakato, mrefu, mwenye rula ndogo ya chuma mfukoni. Akawakusanya watu.

"Bwawa lenu linajaa tope," aliwaambia. "Tunaleta boti yetu ya rimoti, ile ya kupima kina. Nahitaji mtu wa kuitunza na kuiendesha hapa hapa, mwaka hadi mwaka. Nyumba ipo, ile ya getini. Siulizi cheti, nauliza mkono. Karakana itakayoshinda Jumamosi ndiyo itakayonipa mtu. Mtu mmoja."

Siulizi cheti. Sechelela alilirudia neno hilo kimoyomoyo. Miaka yote ile kila mlango aliobisha uliulizia karatasi. Huu haukuuliza. Lakini alipogeuka akamwona Ndahani amelegeza mdomo, na mjomba wake amesimama wima ghafla, mgongo umenyooka kuliko ulivyonyooka tangu msiba. Akajua kwamba wote watatu wamelisikia neno lile lile, na wote watatu wamelisikia neno la mwisho. Mmoja.

Tangu hapo karakana ikawa na adabu mno. Watu walipeana shikamoo na marahaba, wakapishana mlangoni, wakakaribishana chai kama wageni. Sechelela hakuipenda adabu ile. Nyumba yenye amani ina kelele zake.

Jumanne walimpeleka Shemeji majini kumjaribu. Dumu la kwanza akapita, la pili akapita, la tatu akalala ubavu, akapinduka, akabaki anaonyesha tumbo. Wakamtoa, wakamfuta, wakamrudisha. Akapinduka tena.

"Pezi halishiki," alisema Madeje. "Lifunguliwe nje kidogo."

"Mzee, pezi halina kosa," alisema Ndahani. "Usukani unakata mno. Tuupunguze."

"Usukani wako huo ulisema uko sawa tangu mwaka jana."

"Na pezi lako nalo ulisema hivyo hivyo."

Wakafungua pezi, akajivuta kulia akaligonga dumu. Wakalirudisha. Wakapunguza usukani, akaipita kona akaelekea kwenye mawe, Sechelela akamkatia mwendo zimebaki shubiri tatu. Wakaurudisha. Wakafungua nusu, wakapunguza robo, wakabishana, wakarudi nyuma, mpaka ikafika saa kumi na hakuna aliyekumbuka walianzia wapi. Ndipo Madeje akarudisha kila kitu kwenye vipimo vya mwanzo vilivyoandikwa mlangoni, akachora nyundo mlangoni, akaandika: Jumanne, kama zamani.

"Sasa basi," alisema. "Tukiendelea hivi tutamwua. Hakuna atakayemgusa mpaka Jumamosi. Si mimi wala ninyi. Seche atapunguza mwendo kwenye dumu la tatu, na tutakachopata ndicho tutakachokula."

Kila mmoja akaweka kiganja juu ya Shemeji na kusema, simgusi. Wakamfunika kwa kanga ya marehemu mama yake Sechelela.

Jumatano ikapita.

Alhamisi mchana Sechelela alikuwa uani anachambua mchicha, amekaa chini ya dirisha la karakana. Akasikia tupa. Kwaa, kwaa, mara mbili, kisha kimya. Akainuka kidogo akachungulia. Mjomba wake alikuwa amemfunua Shemeji. Alinoa ukingo wa pezi kwa tupa, kisha akashika koleo, akalifungua pezi nje, kidogo sana, akaangalia, akaongeza kidogo. Alipomaliza akaenda mlangoni, akainua mkono akaichukua chaki. Aliishika muda mrefu. Halafu akaitia mfukoni, akatoka.

Sechelela akarudi kwenye mchicha wake. Alitupa majani mazuri na kubakiza mabua, hakuona.

Ijumaa asubuhi alikuwa pale pale, anafua. Akaingia Ndahani akijifanya anatafuta waya. Akafunua kanga. Akakifungua kifuniko, akautoa ule waya unaovuta usukani kwenye tundu la nje, akaupachika tundu la ndani, ili usukani ugeuke kidogo kuliko zamani. Naye hakuliangalia pezi, maana alikuwa na haraka ya mwizi. Akaenda mlangoni, akapapasa juu ya fremu. Chaki haikuwepo. Ndahani akashusha pumzi, na Sechelela aliona wazi kwamba mtu yule ameshukuru.

Sasa ngojeni. Mwekeni Sechelela hapa katikati, mikono yake ina sabuni. Anajua kwamba pezi limeguswa. Anajua kwamba usukani umeguswa. Hajui ni kiasi gani. Madeje hajui habari za Ndahani, Ndahani hajui habari za Madeje. Na kwa kanuni za mashindano, kuanzia Ijumaa saa sita hakuna boti inayogusa maji mpaka filimbi ya kesho. Zilibaki saa mbili.

Alifikiri aseme. Akisema, mjomba wake ataaibika mbele ya mpangaji, na mpangaji mbele ya mjomba. Watagombana, kila mmoja atarudisha chake kwa hasira, au mmoja atarudisha na mwingine asirudishe, na muda wa kujaribu hautatosha. Afadhali kunyamaza.

Alifikiri anyamaze. Akinyamaza na Shemeji akagonga mawe, atakuwa aliiona ajali inakuja akaikaribisha. Afadhali kusema.

Kisha likamjia wazo la tatu, nalo ndilo lililomtisha. Nikisema, boti ikapinduka, kosa ni langu. Nikinyamaza, boti ikapinduka, kosa ni lao. Na mhandisi atakapouliza nani hakuvunja kiapo, nitakuwa mimi peke yangu. Wazo hilo lilimtia aibu mpaka masikio yakawaka. Lakini halikuondoka. Saa sita ikalia, na Sechelela alikuwa bado anasuuza shati lile lile.

Mchana wote alikaa na rimoti mapajani bila betri, anasogeza vidole hewani. Pezi linashika zaidi, kwa hiyo hatapinduka. Usukani unakata kidogo, kwa hiyo atachelewa kugeuka. Basi kona ianzwe mapema, kabla ya dumu. Mapema kiasi gani? Hatua moja ya mtu? Mbili? Akihesabu moja, mawe. Akihesabu tatu, dumu. Madeje alipita akamwona, akatabasamu kwa shida.

"Pumzika, mama. Boti ni ile ile."

"Ndiyo, mjomba," alisema Sechelela.

Jumamosi boti kumi na mbili ziliwekwa majini. Watu walijaa kwenye ukuta wa bwawa. Madeje alisimama kulia kwa Sechelela, Ndahani kushoto, na kila mmoja alikuwa akijiombea kimya kimya kwa kosa ambalo alidhani ni lake peke yake. Sechelela alikuwa akiomba kwa ajili ya makosa yao yote mawili na la kwake. Filimbi ikalia.

Dumu la kwanza Shemeji akapita, lakini akapita kwa upana ambao Sechelela hakuuzoea. Ndahani akakohoa. Kwenye njia iliyonyooka boti ikajivuta kulia kidogo, kila mara ikimlazimu kuirudisha kwa kidole gumba. Madeje akafumba macho. Dumu la pili. Na hilo hapo la tatu, na mawe yake. Boti mbili zilizotangulia zilipunguza mwendo. Mpango ulikuwa apunguze.

Hakupunguza. Hatua mbili kamili kabla ya dumu, mahali ambapo kila aliyetazama alidhani amekosea, Sechelela aligeuza usukani na kuacha mwendo ule ule. Kwa muda wa pumzi moja Shemeji hakufanya chochote, akaendelea moja kwa moja kwenye mawe. Kisha pezi likashika. Boti ikainama kidogo, ikazunguka dumu kwa ukaribu ambao ungeliweza kulipangusa vumbi, ikatoka upande wa pili imezipita zile mbili. Watu wakapiga kelele. Sechelela hakusikia, maana zilibaki kona kumi na mbili. Akahesabu hatua mbili kila mara, shingo imemkakamaa, jasho linamwingia machoni, mpaka filimbi ya mwisho. Shemeji alikuwa wa kwanza.

Madeje akalia. Ndahani akambeba mzee wa watu akamzungusha. Sechelela aliketi chini hapo hapo kwenye ukuta, rimoti mapajani.

Alasiri Nyakato akaja karakanani na fomu yake. Aliwapongeza, akanywa maji, akaomba kumwona Shemeji. Akatoa ile rula ya chuma. Akapima pezi, akapima usukani, akapima tena. Kisha akageuka kuusoma mlango, maana alikwishaambiwa habari za mlango ule.

"Mlango unasema aliguswa mwisho Jumanne," alisema. "Jumanne nilikuwa juu ya ukuta pale. Nilimwona anapinduka. Pezi hili halikuwa hivi. Hili peke yake lingewapeleka kwenye dumu. Na usukani huu peke yake ungewapeleka kwenye mawe. Nani aliifanya kazi hii?"

Nje kuku alikuwa anaparura.

"Pezi ni mimi," alisema Madeje, na sauti yake ilikuwa ndogo. "Alhamisi."

"Mimi usukani," alisema Ndahani. "Ijumaa."

Wakatazamana. Ndipo kila mmoja alipojua kwamba mwenzake ni kama yeye. Na Sechelela angeweza kuishia hapo. Hakuna aliyemuuliza, mikono yake ilikuwa safi, na nyumba ya getini ilikuwa imesogea mpaka karibu na miguu yake.

"Niliwaona wote wawili," alisema. "Nilikuwa dirishani. Sikusema."

Nyakato alirudisha rula mfukoni. Hakukasirika, na afadhali angekasirika. "Boti yetu itakaa hapa na mtu mmoja, bila mimi," alisema. "Usiku na mchana ni yeye nayo. Siwezi kuandika majina matatu, na siwezi kuwachagulia, ninyi ndio mnaojuana. Nakwenda kutazama malango. Nikirudi nataka nikute jina moja kwenye mlango huo, nilinakili." Akatoka.

Madeje akaanza. "Pezi ndilo lililoizuia isipinduke. Mliona wenyewe, ilikuwa inakwenda kwenye mawe, pezi likashika. Tangu Jumanne nilisema ni pezi. Nilivunja kiapo, ndiyo, lakini kiapo nilikiweka mimi, na boti niliifua mimi kwa mikono hii ambayo hakuna anayeiita tena. Ninyi bado vijana, mtaitwa kwingine. Mimi nikikosa hapa, sitaitwa na mtu."

Ndahani akafuata. "Mzee, heshima yako ipo. Lakini bila usukani wangu, pezi lako lingemtupa juu ya dumu tangu mzunguko wa kwanza. Na boti ya mhandisi si bati. Ni mota, ni waya, ni betri. Itakapozimika katikati ya bwawa, utaifua kwa nyundo? Nilipapasa chaki, haikuwepo, bila shaka uliichukua wewe. Wewe uliificha alama, mimi nilikosa cha kuandikia. Na mapacha wangu wanakula kila siku."

Wakamgeukia Sechelela. Alizungumza akitazama sakafu.

"Pezi la mjomba lilikuwa kosa, na usukani wa kaka Ndahani ulikuwa kosa. Hatua mbili zilikuwa zangu. Angeshika rimoti mmoja wenu, kila mmoja angeiendesha boti anayoijua yeye, na Shemeji angekuwa vipande. Mimi sikumgusa. Nilishika kiapo, nikaendesha nisichokijua, nikafika. Lakini nilinyamaza, na sikunyamaza kwa wema mtupu. Nilitaka lawama iwe yenu. Mjue na hilo."

Ndahani aliketi juu ya ndoo. Madeje akaingiza mkono mfukoni akaitoa ile chaki. Ilikuwa imevunjika vipande viwili, akachagua kirefu.

"Wewe ndiye uliyeona yote," alisema. "Mimi nitajiandika mimi, Ndahani atajiandika Ndahani. Andika wewe."

"Aandike," alisema Ndahani. "Lakini anayeandika asijiandike."

"Nani kasema?"

"Mimi nasema. Si haki."

"Aliyesema ukweli bila kuulizwa asipate, waliobanwa ndio wapate? Hiyo ndiyo haki?"

"Angeusema Ijumaa, mzee. Ijumaa ndipo ulipokuwa na kazi."

Nalo lilikuwa kweli. Madeje akaiweka chaki kiganjani mwa Sechelela, akavikunja vidole vyake juu yake.

Sechelela akasimama mbele ya mlango. Zilikuwapo nyundo za mjomba wake za miaka mitatu, maduara ya Ndahani, na nukta zake mwenyewe, ndogo, za kuomba radhi. Chini ya ile nyundo ya Jumanne palikuwa na ubao mtupu. Nje, kwenye changarawe, viatu vya Nyakato vilikuwa vinarudi, na havikuwa na haraka. Akainua mkono. Chaki ikagusa ubao.

Basi mimi naishia hapo. Msiniambie watatu wote, fomu ilikuwa na mstari mmoja. Wala msiniambie hakuna hata mmoja, nyumba ilikuwepo na tope lilikuwa linaongezeka. Yupo aliyeshika maji, yupo aliyepunguza kona, yupo aliyehesabu hatua. Yupo aliyeificha chaki, yupo aliyefurahi kuikosa, yupo aliyeona akanyamaza. Wewe wa kwenye nguzo, uliyekuwa unacheka, anza wewe. Viatu vimefika kizingitini na chaki iko mkononi mwako. Unaandika jina la nani?